Mchwa wa Bi Eudene Gittens

Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba 2019, Bi Eudene Gittens anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaongoza wageni katika Jumba la Halcott, nyumba ya kale ya mabwana wa shamba la miwa, hapa St. John kisiwani kwetu. Waliokuja leo kumuaga ni wengi kuliko viti, na wengine nimewaona wakiingia na mabakuli matupu. Jikoni kuna chakula cha kutosha, lakini mabakuli hayo nitayakagua mkitoka.

Mimi ni Elric Yearwood, mlinzi wa lango kuu. Nilianza kazi mwaka mmoja baada yake. Meneja wetu, Bwana Desmond Skeete, ndiye aliyenichagua niandike wasifu huu. "Yearwood," aliniambia, "wewe umemtazama yule mama kuliko alivyomtazama marehemu mumewe." Ni kweli. Kazi yangu ni kutazama. Namshuku mtalii mwenye kofia pana, namshuku mchungaji mwenye mkoba mkubwa, na mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja huwa nakwenda kuhesabu mapipa ya rum. Bwana Skeete aliagiza ukurasa mmoja, lugha safi, tena nimpelekee ausome kwanza. Sikuelewa kwa nini mtu aliyekwisha kuagiza lugha safi atake kuikagua. Kwa hiyo maandishi haya nimeyapeleka mwenyewe kwa mpiga chapa, nayo yamezidi ukurasa kidogo.

Bi Eudene aliajiriwa mwaka 1988 kung'arisha ngazi kubwa ya mahogani. Hakuwa na mpango wa kuongoza wageni. Lakini miezi michache baadaye aliyekuwa akiwaongoza aliolewa ghafla akahamia Kanada, na siku hiyohiyo meli ikashusha watalii, wakasimama sebuleni wakiangaliana. Bi Eudene alitia kitambaa chake mfukoni, akasema "Nifuateni, msiguse kitu," na akawapitisha chumba kwa chumba mpaka mwisho. Meneja wa wakati ule alikuwa amejificha nyuma ya pazia akisikiliza. Kesho yake ngazi akapewa mwingine.

Waliofanya naye kazi wanajua hakuwahi kuipa mgongo picha ya Kapteni Halcott, bwana wa zamani wa Jumba, iliyotundikwa chumba cha kulia. Alikuwa akitoka chumba kile kiubavuubavu, macho yake kwenye macho ya kapteni, kama anayemwacha nyuma mbwa asiyemwamini. Wageni walidhani ni adabu ya nyumba, nao wakatoka vivyo hivyo, wamejipanga mstari, wakubwa kwa watoto. Nimewahi kumuona jaji mzima akitoka hivyo na mkewe.

Alikuwa na jicho pia. Kuna bwana mmoja aliyetia kijiko cha fedha ndani ya kofia yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kumuona na nilikuwa namngoja langoni kwa hamu, lakini Bi Eudene akaniharibia. Alimsogelea akamnong'oneza, "Bwana, kijiko hicho alikufa nacho mtu mdomoni. Kitakufuata mpaka kwenu." Kijiko kilirudi mezani, na yule bwana akaomba maji ya kunawa.

Na wageni wakimuuliza kama mabwana wa hapa walikuwa wakarimu kwa watu wao, hakukasirika. Aliwateremsha tu bustanini, kwenye nyumba ndogo ya mbao, akawaambia, "Watu wa hapa walijenga nyumba za kuondoka nazo, na kuta zake na mlango wake. Nyie mnaonaje?"

Nyumba hiyo ndogo ndiyo shabaha ya wasifu wangu, na ndiyo iliyoninyima raha miaka mingi. Kibao chake kilisema "Nyumba ya Mfanyakazi". Wengi wetu tumezaliwa katika nyumba za namna hiyo. Ardhi ilikuwa ya bwana, nyumba ilikuwa yako, kwa hiyo uliijenga ya mbao, ukaikalisha juu ya mawe yaliyopangwa makavu, ili siku ukifukuzwa uifungue ukuta kwa ukuta, uipakie mkokotenini na uondoke nayo. Mwaka alioingia Bwana Skeete, aliamuru mawe yale yamwagiwe saruji, nyumba isije ikamwangukia mtalii. Tulicheka jikoni mpaka Ianthe, mpishi wetu, akaunguza samaki. Bwana Skeete ni mtoto wa hapahapa, mama yake amezikwa hapo juu kanisani, halafu anaifunga miguu nyumba iliyojengwa ili ihame! Bi Eudene peke yake hakucheka. Nikaliweka hilo akilini.

Mchwa walianza muda mfupi baadaye.

Kila mwaka, kabla ya msimu wa wageni, Bi Eudene alikwenda ofisini kuripoti kwamba mchwa wameingia nyumba ndogo. Mwaka huu ubao wa ukuta wa nyuma, mwaka ule boriti ya paa, mwaka mwingine dirisha zima na fremu yake. Binamu yake Clyde, seremala, alikuja na mbao mpya, akazisugua kwa molasi na maji ya buni mpaka zikaonekana za zamani, akazipigilia. Za zamani Bi Eudene aliomba ruhusa azichukue. Bwana Skeete alimjibu mbele yangu, tena si mara moja, "Takataka hizo chukua, mama. Kachome. Sitaki kuziona." Naomba wasomaji wote wayakumbuke maneno hayo, na yeye mwenyewe ayakumbuke.

Sasa mimi nikaanza kujiuliza. Jumbani kuna makabati, kuna sakafu ya mbao, kuna ngazi ambayo ingewashibisha mchwa wa kisiwa kizima. Hawakuuma hata mguu wa kiti. Walikula nyumba ndogo tu, tena kwa zamu. Ni mchwa gani hawa wenye kuchagua?

Na Ijumaa moja jioni, huyo Bi Eudene langoni, na kitu kirefu kwapani, kimefungwa kwenye shuka.

"Umebeba nini, Bi Eudene?"

"Kuni."

"Kuni za nini, nawe una jiko la gesi?"

"Gesi huisha, Elric."

"Na shuka je? Kuni zinasikia baridi?"

"Ungekuwa na mke ungejua shuka ni la nini. Nifungulie, nitaachwa na basi."

Nilifungua shuka, nikagonga ubao kwa kidole. Ulilia mkavu, mzima, hauna hata tundu moja la mchwa. Shuka lenyewe lilikuwa limepigwa pasi. Hakuna mtu duniani anayepigia pasi shuka la kuni. Lakini ruhusa alikuwa nayo, na mlinzi mwenye akili hamkamati mtu kwa ubao mmoja. Nikamwachia apite, na kila ubao uliofuata nikaugonga vivyo hivyo, nikasubiri. Ianthe alizoea kunicheka, "Weee Elric, subiri tu. Utamkamata akiwa ndani ya jeneza, na hilo jeneza utalikagua." Nilimshuku Ianthe pia, kwamba anajua.

Kilichonimaliza uvumilivu ni jambo dogo. Jioni moja wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, nami nazunguka uzio. Nikamuona Bi Eudene akishuka peke yake kwenye nyumba ndogo. Alipofika kwenye jiwe la mlangoni alisimama, akageuka, akaipa nyumba mgongo, akaingia kinyumenyume, macho yake yakitazama Jumba. Sote tumelelewa hivyo. Ukirudi nyumbani giza limeingia, unaingia kinyumenyume, ili mzuka uliokufuata njiani usiingie nawe. Lakini mtu hufanya hivyo anapoingia kwake. Kwa jirani huingii hivyo, kanisani huingii hivyo, na sijawahi kumuona mtu akiingia hivyo kwenye nyumba ya maonyesho.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi mpaka Sedge Hill, kijijini kwake. Bi Eudene huuza nyama ya siki na soseji za viazi vitamu kila Jumamosi, kwa hiyo nilikuwa na kisingizio na bakuli langu. Nilimkuta anawahudumia watu uani mbele. Nikajifanya natafuta choo, nikazunguka nyuma.

Chini ya mshelisheli ilikuwa imesimama nyumba. Ilikaa juu ya mawe makavu, bila tone la saruji. Nilizijua mbao zake moja moja, maana zote nilizigonga kwa kidole hiki. Kuta zilikuwa kamili, paa kamili, madirisha kamili. Penye mlango palitundikwa shuka, lile lile, limepigwa pasi.

"Umechelewa, Elric," sauti ilisema nyuma yangu. "Mimi nilikutegemea miaka kumi iliyopita. Nilishaanza kukudharau."

"Bi Eudene, hii ni mali ya Jumba."

"Ni mali ya Leotta Gittens. Bibi yangu. Na mimi nilizaliwa humo, penye kitanda mnachowapigisha watu picha."

Aliniletea kigoda na bakuli langu limejaa, akanieleza. Bibi Leotta alikuwa mkata miwa wa shamba la Halcott. Mwaka 1961 alimwambia msimamizi mbele za watu kwamba mizani yake ni ya wizi, akaamriwa awe ameondoka kabla ya Jumapili. Aliita mkokoteni wa kubebea nyumba. Mvua ikanyesha, mkokoteni ukakwama kwenye matope ya barabara ya chini, na ulipofika lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Waliondoka na godoro, chungu na mtoto wa miaka saba, ambaye ni Bi Eudene. Nyumba ikabaki ndani. Shamba likaifanya stoo ya majembe, na zama za miwa zilipopita likaifanya maonyesho.

"Bibi aliishia jikoni kwa dada yake," Bi Eudene alisema, "na hakulia nyumba hata siku moja. Alilia mlango. Babu aliuunda kwa mikono yake kabla hajakwenda Panama asirudi. Kila jioni bibi alikuwa anasema, mlango wangu ulikuwa unafungika vizuri. Mpaka anakufa ni mlango, mlango."

"Basi kwa nini hukuwadai waziwazi?"

"Niliwadai, kabla hata sijaajiriwa. Waliniambia lete ushahidi kwamba ni yenu. Nikaona nitaenda kukaa karibu na huo ushahidi."

Nililipia nyama yangu nikaondoka. Sikumwambia kama nitasema au nitanyamaza, na yeye hakuniomba. Hiyo ndiyo tabia yake ambayo hata leo inaniudhi.

Uliobaki ulikuwa mlango tu, nao ndio uliokuwa mgumu, kwa sababu Bwana Skeete aliupenda. Ulikuwa kwenye kipeperushi, ulikuwa kwenye kadi za posta, na kila mchwa walipotajwa alisema, "Kuleni vyote, mlango usiguswe." Halafu mwezi Julai mwaka huu akatukusanya ukumbini na kutangaza, akifurahi, kwamba hoteli moja ya pwani ya magharibi imeinunua nyumba ndogo, nzima nzima na mlango wake, ikafanywe baa ya rum ufukweni. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bi Eudene alikosea kazini. Aliwaambia wageni kwamba Kapteni Halcott alikufa mara mbili, kwanza kwa homa na pili kwa farasi.

Jioni alisimama langoni bila mzigo.

"Nina kuta," alisema. "Nina paa. Nikistaafu bila ule mlango, Elric, nimemjengea bibi yangu nyumba isiyofungika. Bora ningeacha."

Nilimuonea huruma mpaka nikajishuku mwenyewe.

Lori la hoteli lilikuja mapema mwezi huu, likiwa na winchi na vijana wa kelele. Wakafunga minyororo, wakainua. Nyumba ikainuka pembe tatu, ya nne ikabaki imeshikwa na saruji ya Bwana Skeete. Wakainua tena kwa nguvu. Tukasikia mlio uliomfanya Ianthe ashike kichwa. Pembe ile iling'oka, ndiyo, lakini mbele yote ya nyumba ilikuwa imepinda, na mlango umebanwa haufunguki wala haufungiki. Clyde alikuwepo, akatazama juu, akaanza kupiga mluzi kama mtu asiyejua ni nani aliyezipigilia mbao zile. Msimamizi wa lori akausukuma mlango kwa bega, akatukana, kisha akasema hawautaki. "Wateja wetu watakuwa wamelewa. Wakishindwa kutoka itakuwa kesi." Wakaung'oa kutoka kwenye miimo, wakautupa majanini na bawaba zake, wakaondoka na nyumba.

Bwana Skeete hakutaka kushindwa. Alisema mlango utatundikwa ndani ya Jumba, chumba cha kulia, ukutani, mkabala na kapteni. Uso wa Bi Eudene niliuona mimi. Alikwenda akasimama mbele yake na kumwambia kwamba kama kuna zawadi ya kustaafu imepangwa, hataki saa ya ukutani, anataka mlango ule.

"Mlango mbovu unautakia nini, mama?"

"Kuni," akasema. Sauti ilimsaliti kidogo.

Hapo, baada ya miaka yote ya takataka na kachome, Bwana Skeete akaingiwa na shaka. Akanivuta pembeni, lakini si mbali, kwa hiyo Bi Eudene alisikia kila neno. Alikuwa na shuka lake begani.

"Yearwood. Wewe unashuku hata mvua. Huyu mama anautakia nini mlango? Una thamani? Niambie kama kuna kitu unakishuku."

Ndugu wasomaji, maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nangoja meneja aniulize swali hilo. Nilikuwa na jibu limejaa kinywani, tangu ubao wa kwanza hadi wa mwisho. Bi Eudene alinitazama, na kama kawaida yake hakuniomba kitu.

"Nashuku, bwana," nikasema.

"Unashuku nini?"

"Mchwa."

"Mchwa?"

"Nyumba yao imeondoka. Wamebaki na huu mlango tu. Ukiulaza ndani leo, watatafuta pa kuhamia." Nikageuza macho taratibu kuelekea ngazi ya mahogani, nikaguna.

Bwana Skeete naye akaitazama ngazi yake. Sijawahi kumuona mtu akibadilika rangi upesi vile. "Utoe!" akapiga kelele. "Utoe sasa hivi! Na wewe Yearwood msaidie, mpaka nje ya lango, usiuache hata dakika moja!"

Amri ni amri. Tuliuviringisha kwenye shuka, yeye akashika mwisho mmoja na mimi mwingine. Ulikuwa mzito kuliko unavyoonekana kwenye kadi za posta. Tulipofika langoni akasimama.

"Hukagui leo?"

Nikauweka chini upande wangu, nikavaa kofia yangu vizuri. "Umebeba nini, Bi Eudene?"

"Mlango wa bibi yangu."

"Pita."

Nilipita naye. Clyde alikuwa anatungoja na gari lake, na jua lilipokuwa linazama alikuwa amekwisha kufunga bawaba. Fremu aliyoichonga kule Sedge Hill ilikuwa imeungoja mlango huo muda mrefu. Bi Eudene alipanda kwenye jiwe, akasimama, halafu akageuka.

"Hakujawa giza bado," Clyde alimtania.

"Nimetoka Jumbani," akasema. "Sitaki kitu cha kule kinifuate."

Akaingia kinyumenyume, akautazama mshelisheli, akatutazama sisi, akavuta mlango. Haukukwama popote. Tulisikia komeo likiingia mahali pake, kisha sauti yake kule ndani, ya chini sana, si ya kuwasemesha watalii.

"Bibi, umefungika."

Mimi na Clyde tulikaa uani mpaka mwenyewe alipofungua.

Yamebaki machache. Wenye hoteli wasiwe na wasiwasi, kwani wana mbao mpya, imara, zisizo na mchwa hata mmoja, na mkono wa Clyde ni mzuri. Bwana Skeete, ukiwa unasoma hapa, tafadhali kaa kwenye kiti chako. Kila ubao uliutoa kwa kinywa chako na shahidi ni mimi. Wageni watakaotaka kuiona nyumba halisi, Jumamosi yoyote wapande basi la Sedge Hill waje na bakuli. Viatu vifutwe jiweni.

Bi Eudene, kwa niaba ya Jumba la Halcott, asante kwa miaka uliyotupa, kwa wageni uliowatembeza kiubavuubavu, na kwa kunipa kitu cha kushuku nisije nikalala langoni. Saa ya ukutani utakayokabidhiwa leo itikise kwanza, maana nashuku haitembei. Sisi sote tunakuombea afya njema, miguu yenye nguvu na umri mrefu kwako mwenyewe, juu ya mawe makavu. Na kila jioni ukivuta mlango wako, ufungike.